Maswali ya Wasomaji: Mtutu Usafishwe Kabla ya Safari ya Kuwinda, au Uachwe?

SWALI: Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Mimi ni msomaji wa Ilemela, hapa Mwanza. Ninamiliki kwa kibali bunduki ya kaliba (yaani kipimo cha risasi na mtutu) .30-06, na pamoja na wenzangu wawili tumepata leseni ya kuwinda katika eneo lililo upande wa Tabora. Mwezi uliopita niliipeleka bunduki kwenye uwanja wa shabaha, nikarekebisha darubini na kupiga kwa umbali wa mita 100, risasi zikaangukia mahali pamoja kama nilivyotaka. Tangu siku hiyo sijaigusa, isipokuwa kuifuta kwa nje. Sasa siku za kuondoka zimekaribia na tumegawanyika. Mwenzangu mmoja, ambaye aliwahi kulitumikia jeshi, anasema kwenda porini na mtutu wenye masizi ni uzembe, na kwamba ni lazima usuguliwe mpaka ung'ae, kisha upakwe mafuta. Mwingine anasema tusiuguse kabisa, kwa sababu bunduki iliyotoka kusafishwa haipigi pale ilipokuwa ikipiga. Wote wawili ni watu wazima ninaowaheshimu. Nimsikilize yupi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwa safari hii msikilize yule wa pili, lakini usimdharau wa kwanza, kwa maana anachokisema ni kweli kwa bunduki inayorudishwa kabatini na si kwa bunduki inayotolewa kwenda kazini kesho yake. Mtutu uliopigia shabaha mwezi uliopita ndio mtutu unaoufahamu. Ukiusugua usiku wa kuamkia safari mpaka ubaki chuma kitupu, kisha ukaupaka mafuta na kwenda nao moja kwa moja porini, utakuwa umebeba mtutu wa hali nyingine, ambao hujapata kuupima.

Inafaa kueleza kwa nini iko hivyo, kwa sababu wawindaji wengi wameisikia kanuni hii bila kuelezwa chanzo chake. Ndani ya mtutu mna mifuo iliyojipinda, ambayo kazi yake ni kuizungusha risasi ili iruke ikiwa imetulia. Risasi nyingi za kuwindia zimefunikwa kwa gamba la shaba, na kila inapopita, shaba kidogo hubaki kwenye mifuo hiyo pamoja na masizi ya baruti. Risasi ya kwanza inayopita kwenye chuma kilichosafishwa kabisa hukutana na msuguano tofauti na ule utakaoikuta risasi ya tatu au ya nne, ambazo hupita juu ya utando mwembamba uliokwisha kuachwa na zilizotangulia. Msuguano ukibadilika, kasi ya risasi hubadilika, na mtikisiko wa mtutu wakati risasi inatoka nao hubadilika, na kwa sababu hiyo mahali pa kuangukia pia huhama. Mtutu wenye mafuta ndani huongeza tatizo hilo, kwani mafuta hayakai sawasawa. Huwa mengi upande mmoja na machache upande mwingine, wala huwezi kujua mapema yatakufanyia nini.

Mitutu hailingani katika jambo hili, na hapa ndipo mabishano mengi ya wawindaji yanapozaliwa. Ipo ambayo, hata ikisafishwa vipi, risasi yake ya kwanza huangukia palepale penye zile za baadaye. Ipo ambayo risasi ya kwanza huenda kando kwa sentimita kadhaa kwenye mita 100, kisha ya pili ikarudi mahali pake. Ipo pia inayohitaji risasi tatu, nne au zaidi kabla haijatulia, hasa mitutu ambayo ndani yake haikulainishwa vizuri kiwandani. Mtu aliyezoea mtutu wa aina ya kwanza atakuapia kwamba habari ya kuhama shabaha ni hadithi tu, na aliyezoea wa aina ya tatu atakuapia kinyume chake, na wote wawili watakuwa wanasema kweli juu ya bunduki zao. Wewe unachohitaji kujua ni tabia ya bunduki yako peke yake.

Utasema kwamba sentimita kadhaa si kitu. Kwa anayetoboa karatasi, si kitu. Kwa swala pala aliyesimama ubavu, sehemu ya moyo na mapafu ina upana wa takriban sentimita 15 hadi 20 tu, na wewe mwenyewe, ukiwa umechoka kwa kutembea na pumzi haijatulia, tayari unayumba kiasi chako. Kuyumba kwako kukijumlishwa na kuhama kwa mtutu kuelekea upande uleule, risasi iliyokusudiwa kifuani huingia tumboni. Mnyama aliyepigwa tumboni haanguki. Hukimbia, huteseka kwa saa nyingi, na mwindaji mwenye utu analazimika kumfuata mpaka ampate hata jua likizama. Akiwa nyati, huyo aliyejeruhiwa ni hatari kubwa kwa kila aliyeko kwenye msafara. Ndiyo maana swali lako silichukulii kuwa dogo.

Sasa ufanye nini kwa siku chache zilizobaki? Kwanza hakikisha bunduki haina risasi: toa magazini (kibweta cha risasi), fungua bolti (kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma), tazama kwenye chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na uipapase kwa kidole. Kisha toa bolti kabisa na uangalie ndani ya mtutu kutokea nyuma, ukielekeza mdomo wa mtutu kwenye mwanga. Ukaguzi huu usiuache hata kama umeamua kutosafisha chochote, kwa sababu unachokitafuta si masizi bali kizuizi. Kipande cha kitambaa kilichosahaulika, udongo, au nyumba ya nyigu wale wanaojenga kwa tope kwenye kila tundu wanaloliona, chochote kati ya hivyo kinaweza kuupasua mtutu risasi inapofyatuliwa. Ukiona chuma kimetulia, chenye utando wa kijivu tu na bila doa jekundu la kutu, pitisha kitambaa kimoja kikavu au viwili kutokea nyuma kwenda mbele, funga bolti, na kazi imekwisha. Kitambaa hicho kikavu hakiondoi shaba wala masizi yaliyoshikana. Kinaondoa vumbi na unyevu, na mafuta kama yapo, bila kuubadilisha mtutu.

Ikiwa umeona kutu, au unakumbuka kwamba bunduki ililowa, au risasi zilikuwa zimeanza kutawanyika kwenye shabaha wakati mwanzoni zilikusanyika, basi hukumu inageuka na mtutu lazima usafishwe. Lakini usafishwe mapema, angalau siku mbili tatu kabla ya kuondoka, na baada ya hapo urudi kwenye uwanja wa shabaha. Futa mafuta yote yaliyobaki ndani, piga risasi ya kwanza mtutu ukiwa wa baridi, uweke alama mahali ilipoangukia, kisha piga nyingine polepole, ukiupa mtutu muda wa kupoa, mpaka uone zinaangukia mahali pamoja. Ikibidi rekebisha darubini hapo. Baada ya hapo usisafishe tena mpaka utakaporudi kutoka porini.

Hizo alama za risasi ya kwanza ziandike kwenye daftari. Porini hutapiga mfululizo wa risasi tano. Utapiga moja, tena mtutu ukiwa wa baridi, na hiyo ndiyo itakayoamua. Ninawasihi wawindaji wote, wakiwa kwenye uwanja wa shabaha, waipe uzito risasi ile ya kwanza ya asubuhi kuliko kundi zuri la risasi zilizopigwa baada ya mtutu kupata moto.

Na kama hakuna nafasi ya kurudi uwanjani? Basi, kama mtutu umeshapakwa mafuta, pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kimoja kisicho na alama ya mafuta, kisha kimoja chenye spiriti kidogo, kisha kikavu tena. Fanya vivyo hivyo kwenye chemba. Chemba yenye mafuta ni kosa ambalo watu hawalitambui: ganda la risasi linapofyatuliwa hupanuka na kushika kuta za chemba, na kwa kufanya hivyo husaidia kubeba sehemu ya nguvu inayosukuma nyuma, kuta zikiwa na mafuta, ganda huteleza na nguvu hiyo huielemea bolti. Mkifika kambini, mwombeni afisa wanyamapori au askari wa wanyamapori mtakayekuwa naye awaonyeshe mahali panaporuhusiwa kupiga risasi moja au mbili za kupima. Hata mngekuwa hamjasafisha chochote ningewashauri mfanye hivyo, maana njia ya gari ya kwenda porini ina mitikiso inayotosha kuisogeza darubini.

Nisipolisema hili litakuwa deni kwangu: tafadhali usijaribu kupima bunduki ufukweni mwa ziwa wala kwenye miamba yetu. Risasi inayogusa maji kwa pembe ndogo haizami, hudunda na kuendelea mbele, na ziwani kuna mitumbwi ya wavuvi mchana na usiku. Kwenye majabali ya Mwanza ni hivyohivyo, risasi hudunda na vipande hurudi kusikotarajiwa. Risasi ya .30-06 huweza kusafiri kilomita kadhaa. Mahali pa kupimia ni uwanja ulioruhusiwa, wenye ukuta wa udongo nyuma ya shabaha.

Kuhusu safari yenyewe, zibeni mdomo wa mtutu kwa kipande cha utepe wa fundi umeme. Utazuia vumbi la barabarani na mvua kama itawakuta huko, na hauna haja ya kuuondoa wakati wa kupiga, kwa sababu hewa inayosukumwa mbele ya risasi huupasua kabla risasi haijaufikia, na shabaha haibadiliki. Huu ni utepe tu, ndugu yangu. Usije ukaziba kwa kitambaa, gunzi, nta au kizibo cha chupa, kwa sababu hivyo ni vizuizi.

Mkirudi, sasa zamu ni ya rafiki yako mwanajeshi. Hali ya hewa ya kandokando ya Ziwa Victoria ina unyevu mwingi, na masizi hushika unyevu huo yakauegemeza kwenye chuma. Bunduki itakayolala kabatini kwa miezi lazima isafishwe na kupakwa mafuta membamba ndani na nje. Usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa turubai au ngozi, kwa maana mfuko huo hunywa unyevu na kuulisha mtutu taratibu. Ikiwa kabati linaruhusu, isimamishe mdomo ukielekea chini, ili mafuta ya ziada yasishuke kwenye bolti na kuulowesha mti wa kitako.

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu aliniachia bunduki ya zamani ya .303, pamoja na maboksi mawili ya risasi ambazo sijui zimekaa miaka mingapi. Umiliki tumeshauhamisha kisheria. Fundi mmoja huku Sengerema ameniambia kwamba risasi za zamani hula mtutu, kwa hiyo niusafishe kila nikipiga, hata nikiwa safarini. Je, ni kweli, au ananitafutia kazi? Na shauri la kutousafisha mtutu kabla ya kuwinda linanihusu?

JIBU: Fundi wako amekuambia ukweli, na mshukuru. Sababu iko kwenye fataki, ile sehemu ndogo ya kwenye kitako cha ganda inayopigwa na pini. Fataki za zamani, hasa za risasi zilizotengenezwa kwa ajili ya majeshi, zilikuwa na klorati ya potasi, ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo ni jamaa wa karibu wa chumvi tunayotia kwenye mboga: huvuta maji kutoka hewani. Kwenye unyevu wa kwetu, mtutu uliopigiwa risasi za namna hiyo jioni unaweza kuanza kuota kutu kabla ya asubuhi ya pili.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kwamba chumvi hiyo haiyeyuki kwenye mafuta. Mtu huchukua kitambaa chenye mafuta, akapitisha mara kumi, kitambaa kikatoka cheupe, akalala akiamini amemaliza, kumbe ameifunika chumvi kwa mafuta na kuiacha ifanye kazi yake chini. Kinachoiondoa ni maji, na bora yawe ya moto. Wanajeshi wa Uingereza waliotumia .303 walikuwa wakimimina maji yanayochemka kutokea kwenye chemba kwa kutumia faneli maalumu, kisha wakakausha na kupaka mafuta. Wewe fanya hivyo hivyo: toa bolti, elekeza mdomo wa mtutu chini, mimina maji ya moto safi kwa uangalifu yasiingie kwenye mti, acha joto likaushe, pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kikavu kabisa, halafu paka mafuta membamba. Bolti nayo isafishe usoni kwa maji hayohayo, kwa sababu moshi wa fataki hugusa hapo kwanza.

Kwa hiyo kwako wewe shauri la kuacha mtutu na masizi yake halifai kwa risasi hizo. Ukipiga leo, osha leo, hata kama kesho unawinda, na kesho asubuhi futa mafuta yote kabla ya kuingia porini. Gharama yake ni kwamba risasi yako ya kwanza itapita kwenye chuma kitupu, basi jifunze inaangukia wapi katika hali hiyo na uilenge ipasavyo.

Lakini afadhali zaidi usizitumie kabisa. Risasi ambazo hujui umri wake wala mahali zilipohifadhiwa zinaweza kuchelewa kulipuka au kutolipuka kabisa, na ile inayolipuka kwa nguvu pungufu inaweza kubaki katikati ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake, mtutu hupasuka mbele ya uso wako. Zikabidhi kituo cha polisi, usizitupe ziwani wala shimoni, na ununue mpya kwa muuzaji mwenye leseni ukiwa na kibali chako mkononi. Risasi za kuwindia zinazotengenezwa siku hizi na viwanda vinavyojulikana hazina chumvi hiyo. Bunduki yenyewe mpe mtaalamu aikague kabla ya risasi ya kwanza. Mtutu uliokwisha kuliwa na kutu kwa miaka hauwezi kurudishwa kwa kusuguliwa.

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mama wa Musoma, mume wangu ni mwindaji mwenye leseni. Mafuta ya bunduki yakiisha hutumia ya kupikia, na mtutu huusafisha kwa waya wa chuma kutokea mbele kwa sababu anaona ni rahisi. Nimemwambia sidhani kama ni sawa. Nimekosea?

JIBU: Marahaba, mama. Hukukosea hata kidogo. Mafuta ya kupikia yakikaa hugeuka kuwa mazito na ya kunata, yakishika pini ya bolti bunduki inaweza kugoma au kuchelewa kufyatua. Akikosa mafuta ya bunduki, mafuta ya cherehani yatamfaa kwa muda, mradi ayapake kidogo tu.

Huo waya auache leo. Ukingo wa mdomo wa mtutu ndio wa mwisho kuigusa risasi, na ukikwaruzwa upande mmoja, gesi hutoka bila usawa na kuipotosha risasi hata kama mtutu wote uliobaki ni mzima. Anunue mdeki (fimbo ya kusafishia mtutu) wa kipande kimoja na brashi ya shaba inayolingana na kaliba yake, asafishe kutokea nyuma kwenda mbele, na asiigeuze brashi ikiwa katikati ya mtutu. Iwapo bunduki yake ni ya aina isiyoweza kusafishwa kutokea nyuma, atumie kamba laini ya kuvutia kitambaa, aivute ikiwa imenyooka katikati ya mdomo bila kuusugua ukingo. Na akitumia dawa ya kuyeyusha shaba, asishtuke kitambaa kikitoka cha buluu, hiyo ndiyo shaba inayotoka. Ila ajue kwamba brashi ya shaba nayo hutoa rangi hiyohiyo, kwa hiyo kabla ya kupima kama mtutu umekwisha kusafika, apitishe dawa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ncha isiyo ya shaba. Dawa hiyo ina amonia kali, kwa hiyo asiiache ndani ya mtutu kupita muda ulioandikwa kwenye chupa, afungue madirisha, na watoto wasiwe karibu.